Sauti ya Mama na Kisanduku cha Akiba



Naomba ruhusa yenu nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia vijana, nalo ni namna ya kuweka akiba ya yale yaliyomo katika kompyuta zetu za nyumbani. Mimi si fundi wa mitambo. Nilisomesha Kiswahili na historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na sasa ninaishi hapa Hatta pamoja na mwanangu, mkewe na watoto wao. Lakini jambo hili limenifika mwenyewe na likaniumiza, hata nikalazimika kujifunza uzeeni. Yaliyonigharimu mimi huenda yakawafaa wenzangu bila ya gharama.

Mwaka 1991 nilikaa na marehemu mama yangu barazani kwetu Unguja, nikamwekea redio ya kaseti mbele yake, nikamwomba anisimulie. Alisimulia kwa dakika 90, upande wa kwanza na wa pili. Upande wa kwanza alitaja nasaba yetu na safari ya babu yake aliyekuja kwa jahazi wakati wa kaskazi. Upande wa pili aliimba nyimbo za kubembelezea watoto, na mwisho akatuombea dua sisi wanawe, mmoja mmoja kwa majina. Mama alifariki mwaka 1998, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 2009 mwanangu aliihamisha kaseti ile katika kompyuta, pande zote mbili, na kwa kuwa utepe ulikwisha kuota ukungu na kukwamakwama, niliitupa. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Sauti imekwisha kuingia mahali salama, nilisema, kaseti ya nini tena?

Mwaka 2022 diski ya kompyuta ile ilianza kutoa mlio wa kugongagonga, na siku ya tatu haikusomeka tena. Fundi mmoja mjini Dubai alikaa nayo wiki mbili, kisha akairudisha na kusema kuwa sahani zake zimekwaruzika na hapana la kuokoa. Kilichosalimika ni kitu kimoja tu. Ndugu yangu aliyeko Muscat aliwahi kuniomba upande wa kwanza wa kaseti, apate kuwasikilizisha wanawe nasaba yao, nami nikamtilia katika flashi. Kwa hiyo nasaba ipo, na jahazi lipo. Upande wa pili, wenye nyimbo na ile dua yenye majina yetu, hapana aliye nao duniani.

Namwomba msomaji alishike jambo hilo wakati nitakapoanza kutaja kasi na ukubwa wa diski, kwani ndilo kipimo changu cha yote yatakayofuata.

Baada ya msiba huo mdogo tulikata shauri nyumbani kununua kile kisanduku ambacho wauzaji hukiita kwa herufi tatu, NAS. Ni kisanduku chenye nafasi ya diski mbili au zaidi, kinachounganishwa kwa waya na ruta ya nyumba, kikawa ghala la pamoja la kompyuta na simu zote zilizomo. Kila usiku, watu wakiwa wamelala, kila kompyuta hupeleka humo nakala ya kazi zake. Makampuni mawili yanayojulikana sana kwa vifaa hivi, Synology na QNAP, yote ni ya Taiwan, na yapo mengineyo.

Nilifuatana na mjukuu wangu, kijana wa miaka 17, hadi barabara ya Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, ambako maduka ya kompyuta yamepangana. Muuzaji alitupokea vizuri, akatuonyesha kisanduku chenye mlango wa gigabiti 10 na diski nne za SSD, zile zisizokuwa na sahani ya kuzunguka. Akatuhakikishia kuwa hakuna chenye kasi zaidi ya hicho. Bei yake ilizidi nauli ya watu wawili kwenda Zanzibar na kurudi. Mjukuu wangu macho yalimng'aa. Mimi nilimwambia, "Mjukuu wangu, twende kwanza nyumbani tukapime." Akanijibu kwa adabu, "Haya Bibi, lakini tukirudi kitakuwa kimeshanunuliwa." Tulirudi bila ya kununua kitu, na nashukuru.

Ili tuelewane juu ya kasi, nitatumia mfano ulio mlangoni mwetu. Hapa Hatta, Mamlaka ya Umeme na Maji ya Dubai ina mradi wa kuhifadhi umeme kwa maji. Maji ya bwawa hupandishwa kwa pampu hadi bwawa la juu mlimani, na umeme unapohitajika huteremshwa yakazungusha mitambo. Mradi huo umebuniwa kutoa megawati 250, na kuweka akiba ya megawati-saa 1,500. Namba ya kwanza ni ya kasi, yaani umeme kiasi gani unatoka kwa wakati mmoja. Namba ya pili ni ya ujazo, yaani akiba yote ni kiasi gani. Gawanya ya pili kwa ya kwanza utapata saa sita, ndio muda ambao akiba hiyo itadumu ikitolewa kwa nguvu zake zote. Kisanduku chetu ni vivyo hivyo. Terabaiti ni ujazo wa bwawa, na megabaiti kwa sekunde ni upana wa bomba. Asiyezitenganisha namba hizi mbili atauziwa moja akidhani amepata zote.

Pana mtego mwingine. Mtandao hutangazwa kwa biti, na faili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao wa gigabiti moja, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na kwa matumizi ya kweli ni kama 110. Mtandao wa zamani wa megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 11.

Tulipofika nyumbani tulihesabu mali yetu. Picha, video za harusi, sauti, vyeti vya shule, mikataba na karatasi za ukaazi, vyote pamoja vilikuwa gigabaiti 800. Mjukuu wangu akaazima diski ya rafiki yake, akaiunganisha na ruta na kujaribu kupeleka faili moja kubwa. Kasi ilikuwa megabaiti 11. Ruta yetu ilikuwa ya gigabiti, na kompyuta vilevile, basi kikwazo kiko wapi? Tulikikuta chini ya zulia. Waya uliotoka katika ruta kwenda chumba cha mwanangu ulikuwa umebanwa na mguu wa kabati miaka mingi. Ndani yake mna nyuzi nane, na gigabiti huzihitaji zote nane. Mojawapo ikikatika, mtandao huweza kujishusha wenyewe hadi megabiti 100 bila ya kumwambia mtu. Tulinunua waya mpya wa aina ya Cat 6 kwa dirham chache, na kasi ikapanda hadi megabaiti 110. Lau tungekinunua kile kisanduku cha gigabiti 10, kingekaa nyuma ya waya uliokatika, kikaenda kwa megabaiti 11 kama kingine chochote.

Hesabu yenyewe ni hii. Gigabaiti 800 kwa megabaiti 11 huchukua kama saa 20. Kwa megabaiti 110 huchukua saa mbili. Diski ya kawaida yenye sahani, inapoandika faili kubwa, hufikia megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, kwa hiyo peke yake inatosha kulijaza bomba la gigabiti moja, na ile SSD ya ghali haizidishi kitu. Mwenye ruta na kompyuta zenye milango ya gigabiti mbili na nusu anaweza kupata zaidi kidogo. Gigabiti 10 huwafaa wale wanaohariri video kwa kazi yao, na wenye milango hiyo pande zote mbili za waya. Picha ndogondogo kwa maelfu huenda polepole kuliko faili moja kubwa, kwa sababu kila moja hufunguliwa na kufungwa peke yake. Jambo hilo lisikutie wasiwasi ukadhani umedanganywa.

Mzigo wote hupelekwa mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya hapo programu hupeleka yaliyobadilika peke yake. Kwetu ni gigabaiti mbili kwa usiku, ambazo hata ule waya uliokatika ungezifikisha kwa dakika tatu. Kasi ina siku mbili za kuhitajiwa kweli: siku ya kwanza, na siku ya msiba, unapotaka kurejeshewa chako. Ina faida ya tatu pia, nayo ni ya tabia ya binadamu. Kazi inayochukua saa 20 huahirishwa hadi isahauliwe, na kazi ya dakika chache hufanywa. Kwa sababu hiyo nawashauri muunganishe kwa waya, wala msitegemee waifai, hasa katika nyumba zetu hizi za saruji ambamo mawimbi huchoka baada ya kuta mbili.

Tulichonunua mwishowe ni kisanduku cha kiasi, chenye mlango wa gigabiti moja na diski mbili za terabaiti 4. Katika kuchagua diski tuliuliza swali moja ambalo nawasihi nanyi muulize: je, ni CMR au SMR? Katika aina ya SMR njia za kuandikia hulaliana kama vigae vya paa, hivyo kubadili moja hulazimisha kuandika upya jirani zake, na diski hulegea sana inapopewa kazi nyingi mfululizo. Mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya visanduku hivi zilikuwa za SMR bila ya wanunuzi kuambiwa. Sisi tulichukua CMR.

Diski hizo mbili ni pacha, kila linaloandikwa katika moja huandikwa katika ya pili papo hapo. Moja ikifa, kazi inaendelea. Nilidhani basi nimesalimika. Wiki ya tatu mjukuu wangu mdogo, akicheza katika kompyuta ya baba yake, alifuta kasha zima la picha za umra, na pacha wale wawili wakalifuta kwa utiifu ule ule, katika nukta ile ile. Tulilipata tena kwa sababu kaka yake alikwisha washa mpango wa kutunza hali za zamani kwa siku 30. Ndipo nilipofahamu kuwa pacha ni kinga ya kifo cha diski tu. Hawakingi kosa la mtu, wala wizi, wala moto, wala maji.

Na maji tumeyaona. Tarehe 16 Aprili 2024 nchi hii ilipata mvua ambayo haikuwahi kupimwa mfano wake tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Khatm Al Shakla, katika eneo la Al Ain, zilipimwa milimita 254 kwa muda usiofika saa 24. Kisanduku kilichokuwa sakafuni siku ile katika nyumba iliyoingia maji, kiwe na kasi iwayo yote, kiliondoka na yaliyomo. Kwa hiyo chetu tumekiweka juu ya rafu, penye hewa, mbali na dirisha la jua, na tumekiunganisha na betri ya kushikilia umeme ili kisizimike ghafla katikati ya kuandika.

Pana na hatari isiyoonekana. Mwezi Januari 2022 programu hasidi iliyoitwa Deadbolt ilivamia visanduku vya QNAP vilivyokuwa vimefunguliwa kwenye intaneti, ikazifunga faili za wenyewe na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Tumejifunza kutokukifungulia kisanduku mlango wa nje, kukubali marekebisho ya programu yanapotoka, na kuwa na nakala nyingine isiyounganishwa na kitu chochote.

Hapo ndipo ninaporejea kwa ndugu yangu wa Muscat na nusu ya kaseti. Wataalamu wana kanuni wanayoiita tatu, mbili, moja, ambayo mpigapicha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza: uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Ni maneno ya zama hizi, lakini busara yake sisi tunaijua. Walipouawa mahafidh wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar aliamuru Qur'ani ikusanywe, na Sayyidna Uthman akaamuru inakiliwe na nakala zipelekwe miji mbalimbali. Na katika fasihi yetu, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na W. E. Taylor akayanakili. Karatasi hizo zimo katika maktaba ya SOAS, London, na William Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Yangebaki katika kasha moja la nyumba moja, mchwa wangekwisha kuyasoma.

Sisi tulio ugenini kutawanyika kwetu ni majonzi, lakini katika jambo hili ni neema. Nani kati yetu hana ndugu katika nchi nyingine? Tulinunua diski mbili za kubebeka. Moja iko nyumbani, ya pili iko kwa ndugu yangu Muscat. Kutoka Hatta hadi mpaka wa Oman si mbali, na kila Idi mmoja wetu humtembelea mwenziwe. Anayesafiri huchukua diski mpya na kurudi na ya zamani. Naye hutuwekea ya kwake kwa mpango huo huo. Kupeleka gigabaiti 800 kwa intaneti yenye megabiti 20 za kupandishia kungechukua karibu siku nne usiku na mchana, na begi la mkononi hufika kwa saa chache. Wenye jamaa Zanzibar wanaweza kufanya hivyo hivyo. Wasihofu habari ya umeme, kama ule uliokatika kwa wiki kadhaa mwaka 2008 na kwa miezi kama mitatu kuanzia Disemba 2009, kwani diski iliyolala kabatini haihitaji umeme hadi siku ya kuitwa.

Diski inayotoka nyumbani lazima ifungwe kwa neno la siri, yaani yaliyomo yageuzwe yasisomeke ila na mwenye ufunguo. Ndani yake mna picha za wake na binti zetu katika shughuli za ndani, ambazo si halali kwa kila jicho, na ikipotea njiani isiwe fedheha. Neno hilo la siri tumeliandika katika karatasi, pamoja na wasia wangu. Mlinzi anayelijua peke yake akifariki, yote yamefungwa pamoja naye.

La mwisho, nakala isiyofunguliwa bado haijathibitika kuwa nakala. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya Swala, wajukuu wangu huchagua faili moja lolote kutoka katika kisanduku na kulirejesha. Mara nyingi huchagua sauti ya mama yangu. Watoto hukaa kimya wakasikiliza nasaba na lile jahazi la kaskazi, halafu sauti hukatika pale upande wa kwanza unapokwisha. Mjukuu mdogo huniuliza kila mara, "Bibi, halafu ikawaje?" Nyimbo nimejaribu kuzikumbuka, na nne nimeziimba mwenyewe mbele ya simu, kwa sauti yangu hii iliyochakaa. Ile dua siwezi kuirudisha. Nimewaombea ya kwangu, kwa majina yao, na mwezi huo huo ilikwenda Muscat.

Ikiwa mna mzee nyumbani, msingoje kununua kisanduku. Mrekodini wiki hii kwa simu iliyo mkononi, kisha mpelekeeni ndugu yenu aliye mbali, pande zote mbili.

Wabillahi tawfiq.